Aproni Nyepesi

Mshono wa Mama Pindo ulikuwa hauonekani. Hilo ndilo lililompa jina mtaani, na ndilo lililomponza. Mteja alichukua gauni lake, akaligeuza ndani nje, akalivuta, akalitazama mwangani, na bado asijue pindo limeanzia wapi. Mafundi wengine walishona ili nguo isifumuke. Yeye alishona ili watu wasijue kama nguo iliwahi kukatwa. Kilikuwa kiburi, sikatai. Lakini mwanamke aliyelea mtoto wa kiume peke yake kwa cherehani ya miguu, akamkuza mpaka akawa dereva wa malori ya masafa marefu, ana haki ya kuringia kitu kimoja duniani, na yeye aliringia pindo.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani, meza ndefu ya kukatia, pasi, marobota ya vitambaa, na dirisha moja lililopokea jua la alasiri. Cha pili alilala yeye. Cha tatu kilikuwa cha mwanawe na mkewe, ila mwanawe alikuwa mtu wa barabarani, leo mpaka huu, kesho ule, kwa hiyo nyumba ilikuwa hasa ya wanawake wawili, mama mkwe na mkamwana. Majirani walisubiri kwa hamu wagombane. Walisubiri mpaka wakaona aibu wenyewe.

Mkamwana alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini, binti mwembamba mwenye maneno mengi, na jioni wakila alipenda kumtegea mama mkwe wake maswali.

"Mama, kitu gani kizito kuliko vyote duniani?"

"Mume wako, kumwamsha asubuhi."

Mkamwana alicheka mpaka akapaliwa. "Nasema metali, mama."

"Basi chuma."

"Chuma ni unyoya! Chukua ndoo yetu ile ya lita ishirini. Ukiijaza risasi, wanaume wanne wataiinua huku wanalaumiana. Ukiijaza zebaki, tonge la risasi litaelea juu yake kama kizibo. Ukiijaza dhahabu, ongeza wanaume. Halafu kuna metali inaitwa osmiamu, ina ubuluu kwa mbali, hiyo ndoo moja tu ni uzito wa ng'ombe mzima."

"Na kazi yake nini huyo ng'ombe?"

"Zamani walitia kidogo kwenye ncha za kalamu, zisilike."

"Mungu ana mambo," alisema Mama Pindo. "Uzito wote huo, wakaandikia barua." Akamwongezea mboga. "Na hiyo risasi yenu ya kazini?"

"Hiyo ndiyo ukuta wetu. Imo ndani ya mlango, imo kwenye kioo tunachochungulia, imo kwenye aproni tunazovaa. Mionzi inapita kwenye nguo, kwenye mbao, kwenye nyama, bila hata kubisha hodi. Ikikuta kitu kizito kilichoshikamana, inagonga, inachoka, inafia humo humo. Uzito ndio kinga, mama. Ujanja mwingine hakuna."

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikiwa mtoto anayesimulia ndoto. Yaliingia sikioni, hayakufika mikononi.

Kisha mkamwana akashika mimba. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika changa, na baada ya ile ya pili nyumba ilikaa kimya kwa muda mrefu, cherehani ikaendeshwa polepole kama vile kuna mgonjwa ndani. Kwa hiyo hii ya tatu hawakuitangaza. Waliitaja kwa macho. Mama Pindo alimzuia mkamwana asibebe ndoo, asiiname, asipande kiti kushusha sufuria. Lau angeweza angemzuia hata kupiga chafya.

Kitu ambacho hakuweza kumzuia ni aproni. Kila jioni binti alirudi na alama mbili nyekundu mabegani, mahali mikanda ilipokalia, na Mama Pindo alimkanda kwa kitambaa cha maji moto huku moyo ukimuuma. "Wanawavisha mawe," alilalamika. "Mtu na tumbo lake, wanamvisha mawe."

Siku moja kitambaa cha nje cha aproni hiyo kilichanika. Mkuu wa kitengo, mzee mpole ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee wa Picha, alimruhusu mkamwana aipeleke nyumbani ikabadilishwe kitambaa. Binti aliilaza juu ya meza ya kukatia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama analaza mtoto mchanga.

"Kitambaa tu, mama," alisema. "Ndani usiguse."

"Kwani mimi mtoto?" alijibu Mama Pindo.

Kesho yake, mkamwana akiwa amekwenda kliniki, Mama Pindo alifumua kile kitambaa. Ndani alikuta shuka la kijivu, laini kama mpira wa ndani wa gurudumu, na alipolinyanyua mikono yake ilishuka nalo. Ndiyo risasi yenyewe, iliyosagwa ikachanganywa na mpira. Akaivisha sanamu yake ya kushonea shuka lile, akaifunga sanamu mto tumboni ili aone litakavyokaa miezi ijayo. Lilikaa vibaya. Lilisimama mbele kama ubao, likajivuta kwenye mabega, likaning'inia chini kama adhabu. Akamwona binti yule mwembamba ndani ya gunia lile kuanzia asubuhi mpaka jioni, na tumbo linakua.

Fundi yeyote anajua dawa ya kitambaa kigumu kinachopita juu ya mwili wa mviringo. Unakata kabari mbili, moja kila upande, unaunganisha kingo, kitambaa kinaukubali mwili. Mama Pindo alikuwa amefanya hivyo kwenye magauni mengi kuliko nywele za kichwani mwake. Akachukua mkasi mkubwa, akakata. Na kwa kuwa mkasi ukishaonja hauachi, akapunguza na mabega, akapunguza na pindo la chini. Kila kipande kilichoanguka mezani kilimpa raha, maana aliona anamtua mkamwana mzigo.

Ikaja zamu ya kuunganisha. Angeweza kuzipandanisha kingo, moja juu ya nyingine. Alijaribu. Ikatokea nundu, nene kama kovu, imepita tumboni juu hadi chini. Mama Pindo na nundu, wapi na wapi! Akafumua, akazikutanisha kingo uso kwa uso, akazishona kwa uzi mwembamba, akafunika kwa kitambaa kipya cha buluu. Akaipapasa kwa kiganja. Hapakuwa na mshono. Zile kabari mbili za risasi aliziacha mezani, na tangu siku hiyo zikawa vitu vyake vya kukandamizia kitambaa kisiteleze wakati wa kukata.

"Mama!" mkamwana alipiga kelele alipoivaa. "Umeifanyaje? Imekuwa nyepesi!"

"Kile kitambaa cha zamani kilikuwa kimekunywa jasho la miaka," alisema Mama Pindo, na uongo ule ulimtoka laini kama pindo lake. Binti aliamini, kwa sababu mabega yake yalitaka aamini. Aproni za hospitali zilipigwa picha kila mwaka kutafuta nyufa, na za mwaka ule zilikuwa bado.

Miezi ikapita, tumbo likapita pale mengine mawili yalipoishia, na sasa walilitaja kwa mdomo.

Ndipo mwoka mikate wa barabara ya pili alipoagiza pazia. Yeye alifanya kazi usiku, akalala mchana, na alitaka pazia ambalo jua lisiweze kulipenya. Mama Pindo alimtafutia kitambaa cheusi kinene, akaunga vipande viwili kwa mtindo wake ule ule, kingo uso kwa uso, kisha alasiri moja akalitundika dirishani mwake mwenyewe aone linavyoanguka. Chumba kikawa giza kama ndani ya chungu. Akaridhika.

Kisha akauona mstari.

Ulikuwa mwembamba, mweupe, mkali. Pazia lilikuwa limejivuta kwa uzito wake, na pale kwenye muungano kingo zilikuwa zimeachana kidogo, kidogo kiasi ambacho mchana kweupe usingekiona. Kandokando ya mstari kulikuwa na vitone vya mwanga, vimepangwa sawasawa. Matundu ya sindano. Mama Pindo alisogea alitazame vizuri, na mstari ukamwangukia tumboni. Akasogea kushoto, ukatoka. Akarudi, ukawa tumboni tena, umesimama juu ya gauni lake kama mtu amemchora kwa chaki.

Alikaa chini, palepale sakafuni. Maneno ya jioni zile zote yakaanza kurudi moja moja. Bila hata kubisha hodi. Uzito ndio kinga. Ujanja mwingine hakuna. Aliinua kabari moja pale mezani, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi ilivyokuwa nzito, kitu kidogo vile, na akaelewa kwamba uzito ule haukuwa kasoro ya aproni. Uzito ule ndio uliokuwa aproni. Yeye aliukata akaufanyia kitu cha kukandamizia vitambaa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na yeye alikuwa amesikia methali hiyo maisha yake yote bila kujua kwamba siku moja ingemjia hivi hivi ilivyo, neno kwa neno. Alitia kabari zote mbili kwenye mfuko, akatoka bila kufunga mlango, mguuni amevaa kandambili za kufulia, moja ya buluu na moja ya kijani.

Njiani hakufikiria namna ya kusema. Alifikiria namna ya kutosema, na nani atamlaumu? Ataiomba aproni, aseme inataka kuongezwa mkanda. Ataipeleka nyumbani, atarudisha vipande, ataficha. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mkamwana aliyekwisha poteza mimba mbili. Akimwambia, hofu tu inaweza kumfanya binti apate lolote. Asipomwambia, kesho atavaa tena. Kila njia aliyoifikiria ilikuwa na kaburi dogo mwisho wake.

Ukumbi wa eksirei ulikuwa mrefu, wenye mabenchi ya mbao kando ya ukuta na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mwisho wake ulikuwa na mlango mpana, mzito, na juu ya mlango taa nyekundu. Mzee wa Picha alikaa kwenye meza ya mapokezi akifuta miwani.

"Karibu, mama," alisema. "Umemfuata binti? Yuko ndani, ana mgonjwa wa bariamu."

"Wa nini?"

"Tunamnywesha unga mweupe mzito, ule unaitwa bariamu, tunautazama unavyoshuka kooni. Picha inatembea kama sinema, kwa hiyo mpigaji anasimama ndani na mgonjwa."

"Anasimama ndani?" Mama Pindo aliubana mfuko kifuani. "Si amekuwa akisimama nyuma ya kioo?"

"Siku za bariamu haiwezekani. Nilitaka nimpumzishe, mama, nilimwambia kabisa akae hapa mapokezi mpaka ajifungue. Anajua hata yeye kwamba nilikuwa sahihi. Akanijibu ana aproni ya mama mkwe wake, nisimfundishe uvivu." Mzee alicheka. "Anaisifu hiyo aproni! Wenzake wanaitamani, yeye anaificha nyuma ya mlango."

Juu ya mlango taa nyekundu ikawaka.

Mama Pindo aliitazama. Kwenye benchi mama mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto, mtu mwingine alikuwa akisinzia, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kwao ile ilikuwa taa tu. Yeye aliona mistari miwili. Aliiona imesimama juu ya tumbo lile, kila upande mmoja, myembamba, mikali, na ndani yake kitu kilichojikunja ambacho hakijui hata kufumba macho. Taa ikazimika. Akavuta pumzi.

"Nimekuja kuchukua aproni," alisema haraka. "Nikaifue."

"Aproni haifuliwi, mama. Inafutwa kwa kitambaa."

"Basi mkanda. Mkanda wake umelegea, nikaukaze."

"Akitoka utamwambia mwenyewe."

Taa ikawaka tena. Na safari hii haikuzimika. Alihesabu pumzi zake, akapoteza hesabu, na taa bado iko vilevile. Alisimama. Hakukumbuka baadaye kwamba alisimama. Alijikuta anaupiga ule mlango kwa viganja, na mlango wenyewe hautoi hata sauti, maana ulikuwa umejaa risasi.

"Mtoeni! Mtoeni mwanangu humo!"

Watu wa benchi waliinuka. Mzee wa Picha alimshika mkono, akijaribu kumrudisha kwa upole. "Mama, mama, taratibu, kuna mgonjwa ndani..."

"Nimekata," alisema Mama Pindo. "Aproni. Nimekata ndani."

Akafungua mfuko. Mzee alitazama, akachukua kabari moja, akaipima kiganjani, na uso wake ukabadilika. Alikwenda mezani akabonyeza kitufe cha kuwaita walio ndani, taa ikazimika, na baada ya muda mlango ukafunguka. Mkamwana alitoka na aproni yake ya buluu, tumbo likitangulia, macho yamemtoka.

"Mama, kuna nini? Amepata ajali?"

"Nani?"

"Mume wangu! Mbona unalia?"

"Yeye mzima," alisema Mama Pindo. "Vua, mwanangu. Vua hiyo kwanza, halafu uniue."

Mgonjwa wa bariamu alimaliziwa na mtu mwingine. Kisha mkamwana mwenyewe akaitandaza aproni juu ya meza ya mashine, mikono yake ikifanya kazi kama kawaida, akarudi nyuma ya kioo walipokuwa wamesimama wale wawili. Akabonyeza. Kwenye skrini shuka la risasi lilitokea jeupe tupu. Katikati yake ikashuka mistari miwili myeusi, mipana kuliko ule wa pazia, kwa sababu miezi ya kuinama na kuinuka ilikuwa imezivuta kingo zikaachana. Na kandokando ya kila mstari vitone vyeusi, vimepangwa sawasawa, nafasi sawa, kazi safi ya fundi. Mshono wa Mama Pindo ulikuwa umeonekana.

Mkamwana aliweka mkono mmoja upande wa kushoto wa tumbo, mwingine upande wa kulia, palepale.

"Nilikuambia ndani usiguse," alisema.

"Uliniambia."

"Niliwaambia watu wote humu." Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Nilijisifu, mama. Nilikataa kukaa mapokezi kwa sababu ya hii."

Mzee wa Picha alimvua kibeji kidogo cha kupima mionzi alichokivaa kiunoni, chini ya aproni, akakitia bahasha kipelekwe kinakosomwa. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mwanya ni mwembamba, kwamba siku za bariamu si nyingi, kwamba hesabu ya kichwa chake inasema kilichopita ni kidogo mno. "Lakini siapi," alisema, "mpaka hiki kirudi." Katika maneno yake yote Mama Pindo alibaki na hayo ya mwisho tu.

Walirudi nyumbani. Mkamwana alipoikuta meza ya kukatia aliuliza jambo moja: "Ulikatia hapa? Hapa tunapowekea vyombo?" Akaifuta meza yote kwa maji na sabuni, maana vumbi la risasi ni sumu, akatupa kitambaa alichofutia, akanawa mpaka viwiko. Mama Pindo alisimama pembeni akitazama mkasi wake kana kwamba ni nyoka aliyemfuga.

Siku za kungoja zikaanza. Mkamwana hakumvunjia heshima. Asubuhi alimwamkia, jioni alimpakulia chakula, akamwita mama, na baada ya hapo akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Maswali ya mezani yalikwisha. Mwanawe alipiga simu kutoka mpakani, akaelezwa, akasema, "Mama, ulikusudia mema," kwa sauti ya mtu anayesema na mgonjwa. Mama Pindo aliona afadhali angetukanwa. Hakushona. Usingizi alipoupata, aliota taa nyekundu.

Aliogopa sana ukimya wa lile tumbo. Alijifunza kumsoma binti kupitia mlango: akigeuka kitandani, mtoto amecheza, akikohoa, pengine anamwamsha. Kisha ikaja siku moja, siku ya mapumziko, mchana, mlango ukafunguka wenyewe. Mkamwana alisimama pale akishikilia fremu.

"Mama," alisema, "hajacheza tangu asubuhi."

Mama Pindo aliinuka. Alitaka kupiga mayowe, akajikaza. "Umekula?"

"Nimekula."

"Njoo ulale hapa. Ubavu wa kushoto. Hivyo." Akamletea maji baridi yenye sukari, akamwinua kichwa akanywa. Akamwekea mto mgongoni. Kisha hakukuwa na jambo lingine la kufanya isipokuwa kukaa sakafuni kando yake na kungoja. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama Pindo alitaka kutoka akamnyamazishe. Alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwa sala, yalikuwa biashara: chukua vidole vyangu, chukua macho, nisitunge uzi tena mpaka nife.

Mkamwana alikuwa akitazama dari. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni na hakuyafuta. "Wale wawili," alisema, "sikuwahi kuwasikia wakicheza. Huyu nimemzoea."

"Tukampigie Mzee wa Picha. Tutafute gari."

"Ngoja. Ngoja kidogo."

Wakangoja. Ghafla binti alishtuka, akamkamata Mama Pindo mkono kwa nguvu, akauvuta na kuubandika kwenye tumbo lake, upande wa kushoto.

"Hapa," alisema. "Ndipo ulipokata."

Mama Pindo alitaka kuuondoa mkono, binti hakumwachia. Na chini ya kiganja, mahali palepale pa mstari, kitu kikagonga. Kikagonga tena, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Walishikana wakalia wote wawili, kila mmoja akimwambia mwenzake anyamaze asimtishe mtoto.

Kibeji kilirudi. Mzee wa Picha alikuja na habari nyumbani mwenyewe, jasho linamtoka, akasema kabla hajakaribishwa: chini ya kiwango, chini sana, karibu na sifuri. Mama Pindo alimuuliza kibeji kilikuwa kimebandikwa wapi. Katikati ya kiuno, alijibu mzee. "Katikati ya ile mistari miwili," alisema Mama Pindo. "Si juu yake." Mzee alifungua mdomo ampe hesabu, akamtazama, akaufunga. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini hofu haijui kusoma.

Mtoto alizaliwa wa kike, kwa sauti kubwa, na kila kiungo kiko mahali pake. Mkunga alimpima akasema ni mzito. Mama Pindo alimwomba alirudie neno hilo. Watu walicheka, wakadhani ni furaha ya bibi. Alimchukua mjukuu wake, akamfunua kitambaa, akamkagua mbavu, mgongo, nyayo, kama anavyokagua nguo ya mteja, akitafuta mwanya. Hakuuona. Hata leo, mtoto akipiga chafya tu, bibi yake huacha kila kitu.

Mkamwana alirudi kazini likizo ilipokwisha. Aproni ile ya buluu ilikuwa imetupwa kwa utaratibu wao, na mpya ilikuwa imeletwa, nzito kuliko ya kwanza. Alama za mabegani zikarudi. Mama Pindo alizikanda kwa maji moto na hakusema neno lolote kuhusu mawe.

Jioni moja mkamwana aliingia na mzigo mikononi, akaulaza juu ya meza ya kukatia kwa adabu ileile. Msumari wa mlangoni ulikuwa umekichana kitambaa cha aproni mpya, ubavuni. Kulikuwa na mafundi wengi kati ya hospitali na nyumbani, alikuwa amewapita wote. Mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi yake, amelala.

"Kitambaa tu, mama," alisema mkamwana.

Hakuongeza yale mengine, akabaki anamtazama. Mama Pindo alipapasa pale palipochanika.

"Ndani sigusi," alisema.

Alimkabidhi mkamwana mtoto, akachukua mkasi, akautia kabatini, akafunga na kumpa binti ufunguo. Kisha akatafuta kiraka kipana, akakilaza juu ya chaniko, akakibana kwa gundi katikati, na kingo zake akazishika juu juu kwa sindano ya mkono, akiinua kitambaa cha nje kwa vidole kila mara ahakikishe ncha haifiki kwenye risasi. Kiraka kilivimba, uzi ulikuwa mnene, mishono ilikwenda upande kama ya mtu anayejifunza. Mkamwana alikaa kwenye kiti akimtazama mpaka akamaliza, kisha akaivaa aproni palepale, akafunga mikanda, mabega yakashuka.

"Nzito?" aliuliza Mama Pindo.

"Nzito, mama."

Mshono wake ulionekana tangu mlangoni, na yeye alikaa akiutazama mpaka chakula kikapoa.